Anga la Desemba: kalenda tatu katika usiku mmoja

Mtu akikuambia, "Mwezi huu mtazame Jabari, itazame Mshtarii, na usikose vimondo vya tarehe 14," amekutajia kalenda tatu kwa mkupuo mmoja bila kukutahadharisha. Jabari, kundi la nyota, atakuwepo Desemba hii, Desemba ijayo na Desemba ya wajukuu zako, mahali pale pale na saa ile ile. Mshtarii, ambayo ni sayari, huenda iko jirani yake mwaka huu, na miaka michache baadaye iko upande mwingine kabisa wa anga. Vimondo vitakuja tarehe zile zile kila mwaka, lakini kuviona au kutoviona ni shauri la Mwezi, nao Mwezi una hesabu yake usiyoweza kuipata kwa kutazama kalenda ya ukutani.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanasoma orodha ya mambo ya kutazama, wanatoka nje usiku mmoja au mbili, hawaoni kilichoandikwa, kisha wanarudi ndani wakiamini kwamba anga ni la wataalamu wenye darubini kubwa. Si kweli, na huniuma kila nikisikia mtu akisema hivyo. Kasoro ni ya orodha, maana zimeweka kapu moja vitu vinavyokwenda kwa miendo tofauti. Ukivitenganisha utaweza kutoka nje mwezi wowote ukajua la kutarajia. Nimechagua Desemba kwa sababu, kwa maoni yangu, hakuna mwezi wenye anga tajiri kuuzidi kwa mtu asiye na chombo chochote ila macho yake.

Nyota: dakika nne kila siku

Nianze na nyota, kwa kuwa ndizo zenye utaratibu ulionyooka. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24 ukiipima kwa Jua. Ukiipima kwa nyota, ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Dunia inapojizungusha huwa pia inasonga mbele katika njia yake ya kulizunguka Jua, karibu digrii moja kwa siku. Kwa hiyo ili Jua lirudi pale lilipokuwa jana saa 6 mchana, Dunia inabidi ijizungushe kidogo zaidi ya mzunguko mmoja kamili. Hicho kidogo ndicho kinachokula zile dakika nne. Nyota ziko mbali mno kiasi kwamba kwao kusonga kwetu si kitu.

Matokeo yake ni kwamba nyota iliyochomoza leo saa 3 kamili usiku, kesho itachomoza saa 2 na dakika 56. Baada ya wiki imewahi kwa karibu nusu saa. Baada ya mwezi imewahi kwa saa mbili nzima. Baada ya miezi kumi na miwili imewahi kwa saa 24, yaani imerudi palepale ilipoanzia.

Jambo hili linaweza kupimwa kwa ngumi yako. Nyosha mkono mbele yako, kunja ngumi, fumba jicho moja: upana wa ngumi hiyo ni karibu digrii 10 za anga, na kidole chako kidogo ni karibu digrii moja. Mtoto ana ngumi ndogo lakini pia ana mkono mfupi, kwa hiyo kipimo hakiharibiki. Sasa tafuta mkanda wa Jabari, ambalo kwenye ramani za kimataifa ni kundinyota la Orion. Ni nyota tatu zilizojipanga kwenye mstari mmoja, zimeachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana, na hakuna nyota tatu nyingine angani zinazofanana nazo. Majina yake ni Alnitak, Alnilam na Mintaka, yote yenye asili ya Kiarabu: la kwanza na la tatu yanatokana na neno la mshipi, la katikati na lulu zilizotungwa pamoja.

Mintaka ina bahati ya pekee. Iko karibu kabisa juu ya mstari wa ikweta ukiurefusha hadi angani. Kwa sababu hiyo, popote ulipo duniani, isipokuwa penye ncha zenyewe, nyota hii huchomoza mashariki barabara na kuzama magharibi barabara, na hukaa juu ya upeo kwa karibu saa 12. Ukipotea usiku wa Desemba na ukauona mkanda ukichomoza, umeoneshwa mashariki pasipo dira.

Tarehe 1 Desemba mkanda huchomoza mnamo saa 1 usiku. Tarehe 31 huchomoza mnamo saa 11 jioni, Jua likiwa bado halijazama sehemu nyingi za dunia. Saa za nchi nyingine zimesogezwa mbele au nyuma ya Jua, kwa hiyo unaweza kukuta tofauti ya nusu saa au hata zaidi. Lakini ule mwendo wa saa mbili ndani ya mwezi haubadiliki. Aliye karibu na ikweta akitoka saa 3 usiku mwanzoni mwa mwezi atakuta mkanda umepanda ngumi tatu juu ya upeo wa mashariki. Akitoka saa 3 hiyo hiyo mwishoni mwa mwezi ataukuta ngumi sita. Aliye mbali na ikweta atauona ukipanda kwa mshazari na kufika chini zaidi, ila saa zake za kuchomoza na kufika kileleni zitakuwa zile zile. Na katikati ya mwezi, tarehe 14 hivi, mkanda hufika kileleni karibu na saa 6 usiku. Jabari ni wa Desemba kwa maana hiyo: ndio mwezi anaokaa angani tangu giza linapoingia hadi alfajiri.

Upande wa pili wa habari hii ni kile usichokiona. Jua la Desemba limekaa upande wa Nge na Mshale, kwa hiyo makundinyota hayo yamezama ndani ya mwanga wa mchana. Huko ndiko kilipo kitovu cha galaksi yetu, yaani lile kundi kubwa la nyota ambamo limo Jua letu. Usiku wa Desemba tunaangalia upande wa nje, kuelekea ukingoni, na ndiyo maana Njia Nyeupe ya mwezi huu ni nyembamba na hafifu ukiilinganisha na ile ya Julai. Kila kundinyota lililo karibu na njia ya Jua lina msimu wake wa kumezwa namna hii. Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, hupotea magharibi baada ya machweo ya Mei na kurudi mashariki kabla ya mapambazuko ya Juni. Kiswahili kina maneno mawili mazuri kwa safari hiyo: Kilimia huzama, Kilimia huzuka.

Vitu vya kukaa navyo

Watu wakishamwona Jabari husema "ndiye yule" na kuhamia kwingine. Naomba ukae naye dakika kumi.

Mkanda uko katikati ya nyota nne zinazofanya umbo la mstatili uliopinda. Upande wa kaskazini wa mkanda iko Betelgeuse, ambayo jina lake la Kiswahili ni Ibuti la Jauza. Upande wa kusini, kwenye kona ya mkabala, iko Rigel. Hamisha macho kutoka moja hadi nyingine, polepole, mara tano au sita. Mara ya kwanza zote ni nyeupe. Mara ya tatu utaanza kuona kwamba Betelgeuse ina rangi ya kaa la moto linalokaribia kuzimika, na Rigel ina weupe mkali unaoegemea bluu. Rangi ya nyota ni joto lake. Uso wa Betelgeuse una nyuzi joto 3,300 hivi, wa Rigel karibu 12,000. Kwa hiyo jicho lako limepima joto la vitu vilivyo umbali wa mamia ya miaka ya mwanga (mwaka mmoja wa mwanga ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima), na halikuhitaji kifaa.

Betelgeuse ni nyota kubwa kiasi kwamba ingewekwa mahali pa Jua letu, Dunia ingekuwa ndani yake. Desemba ya 2019 wanaastronomia waliona imeanza kufifia kuliko kawaida, na kufikia Februari 2020 hata mtu wa kawaida aliyeizoea aliona kuna jambo. Wengi walitumaini au waliogopa kwamba inakaribia kulipuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilikuwa imetema gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likaifunika kwa upande wetu. Baadaye ikarudi kung'aa. Italipuka siku moja, lakini siku hiyo inaweza kuwa mbali kwa maelfu mengi ya miaka.

Sasa shuka kusini ya mkanda. Kuna vinyota vimejipanga vikining'inia kama upanga kwenye mshipi. Kile cha katikati si kinyota. Ukikikazia macho utaona kina ukungu, hakina ncha. Hilo ni wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa hivi sasa, Nebula ya Orion, lililoko karibu miaka 1,350 ya mwanga kutoka hapa. Mwanga unaoingia jichoni mwako usiku huu uliondoka huko katika karne ya saba. Ukiwa na darubini ndogo ya macho mawili, hata ya bei ya chini, utaona ukungu huo umetanda kama bawa.

Fuata mkanda upande wa kaskazini-magharibi, mstari ule ule ukiurefusha, utafika kwenye nyota ya rangi ya chungwa: Dabarani, yaani Aldebaran. Jina lake maana yake ni mfuasi, kwa kuwa kila usiku huchomoza nyuma ya Kilimia kana kwamba inakifuata. Dabarani imekaa kwenye kundi la nyota lenye umbo la herufi V, ambalo ni uso wa kundinyota la Ng'ombe. Hapa pana udanganyifu mzuri wa anga. Nyota za ile V ni jamaa moja, zilizaliwa pamoja, na ziko karibu miaka 150 ya mwanga kutoka kwetu. Dabarani haimo katika jamaa hiyo. Iko miaka 65 tu, imesimama mbele yao, na sisi tunaiona kama mmoja wao kwa sababu tumepanga nayo mstari mmoja.

Endelea na mstari huo huo utakifikia Kilimia chenyewe. Wengi huhesabu nyota sita. Mwenye macho makali penye giza zuri hufika tisa au zaidi. Kundi zima lina zaidi ya nyota elfu moja, na kwa umri wa nyota ni watoto wachanga, miaka milioni 100 hivi. Kilimia ndicho mahali pazuri pa kujifunzia siri ya kutazama pembeni. Kitazame moja kwa moja, kisha sogeza macho kidogo, kana kwamba unatazama kitu kilicho kando yake. Kitang'aa zaidi. Katikati ya jicho pamejaa seli za kuona rangi, ambazo hazifai gizani; seli za kuona mwanga hafifu ziko pembeni.

Seli hizo za pembeni zinataka subira. Ukitoka kwenye taa zinahitaji dakika 20 hadi 30 kabla hazijawa kamili, na mwanga mweupe wa simu huzirudisha mwanzo kwa sekunde moja. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote inayofanya watu waseme hawakuona kitu: walitoka, wakatazama juu kwa dakika tatu, wakaangalia programu ya ramani ya nyota kwenye simu, wakatazama juu tena. Kama huna budi kutumia simu, punguza mwanga wake na uigeuze rangi iwe nyekundu, kwa kuwa seli hizo haziuoni sana mwekundu.

Rudi kwenye mkanda na uende upande wa pili, kusini-mashariki. Mstari utakupeleka kwa Shira, yaani Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Iko miaka 8.6 ya mwanga tu, jirani kabisa. Ikiwa bado chini karibu na upeo, itazame kwa makini: hucheza nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, kwa kasi isiyohesabika. Rangi hizo ni kazi ya hewa yetu. Mwanga wa nyota iliyo chini hupita kwenye hewa nene, na hewa hiyo inayotikisika huukunja kila rangi kivyake. Kila mwaka kuna watu wanaodhani wameona ndege au chombo kigeni, kumbe ni Shira ikichomoza. Ina mwenzi usioonekana kwa macho, kinyota kilichokufa ambacho mwanaastronomia Friedrich Bessel alikitabiri mwaka 1844 kwa kuona Shira inayumba njiani, na mtengeneza darubini Alvan Graham Clark akakiona kwa darubini mwaka 1862.

Wanaoishi kusini ya latitudo 37 kaskazini wana zawadi ya ziada. Karibu digrii 36 kusini ya Shira, yaani ngumi tatu na nusu, iko Suheli, yaani Canopus, ya pili kwa kung'aa usiku. Watu wa kaskazini ya mbali hawaioni maisha yao yote wasiposafiri. Wao nao wana Andromeda ikiwa juu vizuri mapema usiku, galaksi iliyoko miaka milioni 2.5 ya mwanga, doa refu la ukungu ambalo ni mojawapo ya vitu vya mbali kabisa jicho tupu linavyoweza kufikia. Wa kusini wana Mawingu mawili ya Magellan, galaksi ndogo zinazoandamana na yetu. Karibu na ikweta vyote hivi vinapatikana usiku mmoja, ingawa Mawingu hukaa chini.

Mwezi: siku kumi na moja nyuma

Kiswahili kinatumia neno moja, mwezi, kwa kile kinachong'aa angani na kwa siku thelathini za kalenda. Zamani vilikuwa kitu kimoja: mwezi uliandama, siku zikahesabiwa, ukaandama tena. Desemba haina uhusiano huo. Ina siku 31 zilizopangwa kulifuata Jua, na Mwezi wa angani huingia ndani yake tarehe yoyote.

Mwezi hupitia sura zake zote kwa siku 29 na nusu hivi. Mara kumi na mbili ni siku 354, pungufu ya mwaka wa Jua kwa siku kumi na moja. Ndiyo hesabu inayofanya Ramadhani ihame kwenye kalenda ya kawaida mwaka hadi mwaka, na ndiyo inayoamua kama Desemba yako itakuwa ya giza au ya mwanga mahali unapotaka. Mfano: Desemba ya 2023 Mwezi ulikuwa kiza kabisa usiku wa tarehe 12 kuamkia 13. Toa siku kumi na moja. Desemba ya 2024 ulikuwa kiza tarehe 1, na kwa hiyo ukawa mpevu tarehe 15. Toa tena kumi na moja: mwaka 2025 kiza kiliangukia Novemba 20, na kingine kikaja Desemba 20. Kwa kujua mwaka mmoja tu unaweza kukisia miaka kadhaa mbele. Na baada ya miaka 19 sura za Mwezi hurudi karibu kwenye tarehe zile zile.

Mwezi mpevu wa Desemba una tabia moja ambayo orodha nyingi hazielezi. Mwezi huwa mpevu unapokuwa mkabala wa Jua. Jua la Desemba liko upande wa Nge na Mshale, limeinama kusini, na tarehe 21 au 22 hufika mwisho wa kuinama kwake. Kwa hiyo Mwezi mpevu wa Desemba lazima uwe upande wa pili, kaskazini, katika kundinyota la Ng'ombe au la Mapacha. Yaani unakaa katikati ya mali zote nilizozitaja hapo juu na kuzizima. Kilimia hubaki vinyota viwili vitatu, ukungu wa upanga hupotea. Mtu akitoka usiku huo na orodha mkononi ataamini amedanganywa.

Lakini sipendi kuuzungumzia Mwezi kama kizuizi tu. Siku mbili tatu baada ya kuandama, tazama ule upande wake usiong'aa: utauona kwa mbali, kijivu, duara zima likiwa limekumbatiwa na hilali. Huo ni mwanga wa Jua uliogonga Dunia, ukaenda Mwezini, ukarudi kwetu. Na kwa mwenye darubini, usiku wa kutazama mashimo ya Mwezini ni ule wa nusu Mwezi, si wa mpevu. Kwenye mpaka wa nuru na giza Jua la huko linachomoza, vivuli ni virefu, kila ukingo wa shimo unasimama.

Vimondo vya tarehe 14

Vimondo vya Mapacha, vinavyoitwa Geminidi, ni zao la kalenda ya kwanza, ile ya nyota, lililofungwa kwenye kalenda ya pili, ile ya Mwezi. Kila mwaka, katikati ya Desemba, Dunia hupita mahali pale pale katika njia yake ambapo pametapakaa vumbi na changarawe. Kila punje ikiingia hewani kwa kilomita 35 kwa sekunde hewa iliyo mbele yake hubanwa, hupata moto, nasi tunaona mstari wa mwanga. Kilele huwa usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, au jirani yake.

Vimondo vingi vya kila mwaka ni masalia ya nyotamkia. Hivi ni tofauti. Chanzo chake kiligunduliwa mwaka 1983 katika picha za setilaiti ya IRAS: ni mwamba wenye upana wa kilomita tano au sita, ulioitwa Phaethon, jina la mwana wa mungu jua katika hadithi za Wagiriki. Hulizunguka Jua kwa karibu mwaka mmoja na miezi mitano, na kila safari hulisogelea hadi kilomita milioni 21 hivi, karibu kuliko sayari yoyote. Uso wake hupata joto la kupita nyuzi 700. Pengine ndivyo unavyopasuka na kumwaga changarawe, ingawa kiasi kilichotapakaa njiani ni kikubwa kuliko kile kinachoonekana ukimwaga siku hizi, na jambo hilo bado linawashughulisha wanasayansi. Punje zake ni ngumu na mwendo wake si wa kasi sana kwa vimondo, kwa hiyo mistari yake huvuka anga bila haraka, mingi ikiwa na rangi ya manjano.

Utasoma kwamba vimondo hivi hufika 120 au hata 150 kwa saa. Usitoke nje ukisubiri idadi hiyo. Ni hesabu ya mtu wa kufikirika, aliye penye giza kamilifu, na kitovu cha vimondo kikiwa utosini kwake. Kitovu hicho kiko karibu na nyota Castor katika Mapacha, upande wa kaskazini wa anga. Aliye karibu na ikweta humchomozea mnamo saa 2 usiku na kufika juu kabisa mnamo saa 8 usiku. Wa kaskazini huwaanza mapema na kupanda zaidi. Wa kusini huwachelewa na kukaa chini, hivyo vimondo vingi huangukia chini ya upeo wao. Kwa penye giza zuri, thelathini, arobaini au hamsini kwa saa ni usiku wa kukumbukwa.

Desemba ya 2024, kama hesabu ile ilivyoonya, Mwezi ulikuwa karibu mpevu usiku wa kilele. Nilikaa nje saa nzima, nikaona sita, vyote vikali. Mwaka mmoja kabla yake, Mwezi ukiwa kiza, nilikuwa nimelala chali pale pale na sikumaliza hata nusu saa kabla sijaacha kuhesabu. Mahali ni pamoja, mvua ya vimondo ni moja, macho ni yale yale. Kilichobadilika ni zile siku kumi na moja.

Jinsi ya kuvitazama ni rahisi. Lala chali, usitumie darubini kwa kuwa inakubania anga, wala usikikodolee macho kitovu chenyewe, maana vimondo vilivyo karibu nacho huwa vifupi. Tazama popote palipo na giza zaidi, saa 5 usiku hadi saa 10 alfajiri, na ujipe walau saa nzima kwa sababu huja kwa mafungu: dakika tano kimya, kisha vitatu mfululizo. Nuru inayovuka polepole kwa dakika mbili tatu bila mkia ni setilaiti, haihesabiwi.

Sayari: kila moja na saa yake

Kalenda ya tatu ndiyo inayochanganya zaidi, kwa kuwa ni kalenda tano. Mshtarii hulizunguka Jua kwa karibu miaka 12, kwa hiyo kila mwaka husogea kundinyota moja hivi. Zohali huchukua zaidi ya miaka 29. Mirihi hukaribia na kung'aa vizuri kila baada ya miezi 26 hivi, na katikati yake hufifia hadi ikawa nyota nyekundu ya kawaida. Zuhura na Zebaki, zilizo ndani ya njia yetu, haziachani na Jua: Zuhura haizidi digrii 47 kutoka kwake, Zebaki haizidi 28. Ndiyo maana Zuhura huwa nyota ya jioni au nyota ya alfajiri, na karibu popote wanapokaa watu haionekani katikati ya usiku.

Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilikaribiana hadi zikaachana kwa sehemu moja ya kumi ya digrii tu, zikionekana baada ya machweo kama nyota moja yenye pacha. Tangu 1623 hazijawahi kukaribiana hivyo. Miaka minne baadaye, Desemba ya 2024, Mshtarii ilikuwa imetembea theluthi ya anga na kukaa kati ya pembe za Ng'ombe, ikiwa juu saa 6 usiku. Zohali ilikuwa imesogea kidogo tu, bado upande wa magharibi, ikizama kabla ya usiku wa manane. Aliyesoma makala ya Desemba 2020 akaitumia mwaka 2024 angetafuta bure. Zitakutana tena mwaka 2040.

Zuhura ina hesabu ya kupendeza kuliko zote. Mizunguko yake 13 ni karibu sawa na miaka yetu 8, kwa hiyo ukiiona jioni ya Desemba ikiwa juu ya mti fulani, baada ya miaka minane utaikuta karibu palepale.

Huhitaji kukariri ratiba hizi. Sayari zote, Mwezi na Jua hupita katika utepe mmoja mwembamba wa anga. Jioni za Desemba utepe huo unaanzia magharibi Jua lilipozama, unapita karibu na Kilimia na Dabarani, unaendelea hadi kwenye nyota mbili za Mapacha, Castor na Pollux. Ukiona ndani ya utepe huo nuru kali isiyo kwenye ramani ya nyota, itazame kama inameta. Nyota ni nukta, hewa huitikisa kirahisi. Sayari ni duara, ingawa jicho haling'amui, na mitikiso ya pande zake hujifutana, hivyo hutulia. Nuru tulivu ndani ya utepe ni sayari. Ikiwa ni Mshtarii na una darubini ya macho mawili, iegemeze kwenye ukuta isitikisike, utaona vinukta viwili, vitatu au vinne vimejipanga kando yake. Ni miezi ile ile Galileo Galilei aliyoanza kuiona Januari 1610, na kesho itakuwa imejipanga vingine.

Usiku wa kuamkia Januari 1, mnamo saa 6, Shira huwa imefika kileleni, na Suheli imeshavuka kilele chake kwa dakika ishirini hivi. Zitazame hapo, kisha angalia Mwezi ulipo na sayari gani iko angani, uandike. Mwakani saa hiyo hiyo Shira na Suheli zitakuwa palepale, na vile vingine utaanza kuvitafuta upya.